Nani kala mayai ya Kware?

Mwezi uliopita niliandika hapa kwamba mtoto anayeanza vitabu vyenye sura apewe hadithi za upelelezi ambazo makachero wake ni wanyama. Nikadhani nimesema jambo dogo, kumbe nimechokoza nyuki. Barua za wazazi, za walimu na malalamiko ya mama mkwe wa mtu zimejaa mezani. Zilizofanana nimezifunga pamoja, ndefu nimezifupisha. Mdogo kuliko wote, wa miaka tisa, nimemweka mwisho kwa sababu swali lake ndilo lililonipa kazi.

"Mwanangu yuko darasa la tatu. Kusoma anajua, na hadithi fupi za picha anazimaliza, lakini kitabu chenye sura akifika ukurasa wa tano anakitupa. Upelelezi utamsaidia nini?" (Mama, Tanga)

Mama, kama kusoma anajua, alichokosa ni sababu ya kufunua ukurasa wa sita. Hadithi ya picha inaisha kabla hajachoka. Kitabu cha kurasa sitini kinamtaka abebe kichwani watu na mambo ya jana, alale nayo, aamke nayo, akirudi kutoka madrasa ayakute palepale alipoyaacha. Mzigo huo haubebeki bila kitu kinachomwasha. Na swali la nani kaiba linawasha kuliko swali la kama Sungura atakuja kuwa mtiifu, ambalo jibu lake kila mtoto analijua toka jaladani.

Halafu kuna kurudi nyuma, na hapa ndipo ninapoupendea upelelezi. Mtoto wa umri huo husoma mbele tu, kama anayekimbizwa. Neno akishalitamka limekwisha, hana deni nalo. Siku moja mpwa wangu alifika mahali kachero anamwambia Nguruwe-mwitu, "Ulisema ulilala usiku kucha, mbona asubuhi miguu yako ilikuwa na matope?" Akasimama. Matope? Matope gani? Akaanza kupekua kurudi nyuma, kidole mdomoni, kurasa kumi na moja, hadi akayakuta: sentensi moja katikati ya aya aliyoipita mbio. Akanitazama kama mtu aliyechomolewa pochi ndani ya daladala. Tangu siku hiyo anasoma polepole, na mimi sijamwambia hata mara moja asome polepole.

Namna ya kuanza ni ya nyumbani. Msomee sura ya kwanza wewe, kwa sauti zote, Fisi na kicheko chake, Kobe na kikohozi chake. Ikiisha, funga kitabu, umwulize anamshuku nani na kwa nini. Akishindwa akupe mji, kama kwenye vitendawili. Mimi nimeshapewa Mombasa, Bagamoyo na Kigoma kwa kitabu kimoja. Sura ya pili asome mwenyewe, kuukomboa mji wake.

"Wizi, uongo, watu kushukiana. Huku si kuwafundisha watoto ujambazi mapema?" (Baba wa wawili, Dodoma)

Baba, hofu yako ina msingi kwa vitabu vya wakubwa. Hadithi inayotajwa mara nyingi kuwa ya kwanza ya upelelezi wa kisasa, ya Mmarekani Edgar Allan Poe, ilitoka mwaka 1841. Ina maiti mbili, na aliyeua ni orangutani, nyani mkubwa, aliyemtoroka bwana wake. Hiyo usimpe mtoto. Katika vitabu ninavyovisema mnyama ndiye mpelelezi, na kilichopotea ni yai, ni kandambili, ni kipande cha sabuni.

Sabuni hasa. Aliyekulia pwani anajua kunguru anavyovizia sabuni bombani, na alama za mdomo anazoziacha kwenye kipande kilichomshinda kubeba. Mtoto akisoma kesi ya namna hiyo, kesho yake utamkuta bombani anaikagua sabuni. Sioni ujambazi hapo. Uongo umo, naam, lakini kila uongo hunaswa kabla ya sura ya mwisho. Nikikutana na kitabu cha watoto ambacho mwongo anapeta hadi mwisho, nitakuandikia wewe wa kwanza.

"Nilinunua kitabu chenye bundi kavaa miwani jaladani. Mama mkwe wangu alipokiona alikitoa nje ya nyumba, akaniuliza kama nataka msiba. Nimwambie nini?" (Mama, Kilifi)

Usimwambie kitu kwanza. Mwombe radhi, yeye ni mkubwa. Mwandishi wa kitabu aliazima bundi wa Wagiriki, ndege wa mungu wao wa kike Athena, ambaye kwao alikuwa alama ya hekima. Huku kwetu bundi akilia juu ya paa watu hawaulizi habari za hekima. Jaladani ni bundi, lakini nyumbani mwako ni bundi wawili tofauti, na kila mmoja ana wafuasi wake.

Ningekuwa mimi, ningempa mtoto daftari aende kwa bibi yake kama kachero aendavyo kwa shahidi: bundi alionekana lini, wapi, nani alisikia, kilitokea nini baadaye. Aandike maneno ya bibi kama yalivyotamkwa, amsomee, bibi aseme kama ndivyo. Kisha hadithi igeuzwe: Bundi asiwe kachero, awe mtuhumiwa. Kijiji kizima kinamshuku kwa sababu hutembea usiku na hasikiki. Kumbe ukingo wa manyoya yake una vishungi laini vinavyozima mvumo wa mbawa, na riziki yake ni panya wa ghalani. Ushahidi anautema mwenyewe: chini ya mti anapolala kuna vidonge vya manyoya na vifupa alivyoshindwa kuvisaga tumboni. Mtoto akivichambua anajua Bundi alikula nini jana. Bibi naye huenda akataka kusikia mwisho wake, ingawa kitabu kitaendelea kulala barazani. Muda huponya.

"Sisi hatufugi mbwa, na karibu kila kachero wa vitabuni ni mbwa." (Mzazi, Unguja)

Chagua paka, basi. Paka wa Mji Mkongwe anaingia nyumba saba kwa siku, anakula kote, na hakuna anayemwuliza atokako. Kachero gani atamshinda? Au mchukue panya buku, yule mkubwa wa porini mwenye mifuko ndani ya mashavu, maana mpelelezi asiye na mfuko ataweka wapi ushahidi?

Ila kabla hujamfukuza mbwa vitabuni, mkumbuke yule wa watu wa pangoni katika Suratul-Kahf, aliyelala mlangoni kanyoosha miguu yake ya mbele. Mtoto anaweza kusoma habari za mbwa bila mbwa kuingia sebuleni. Uamuzi ni wako, sikulazimishi. Na shukuru hujakutana na Freddy wa Walter R. Brooks, kachero wa Marekani wa mwaka 1932, aliyejifunza kazi kwa kusoma habari za Sherlock Holmes. Freddy ni nguruwe.

"Nimewaandikia wanafunzi wangu wa darasa la tatu hadithi ya sura sita. Kobe anamtafuta aliyekula mayai ya Kware. Wamemjua mwizi, Kenge, kwenye sura ya pili, na nusu ya darasa wameacha kusikiliza. Nilikosea wapi?" (Mwalimu, Singida)

Mwalimu, ahsante kwa kunitumia na hadithi yenyewe. Ulikosea hapa: "Kenge alipita akiangaza macho kwa hila, huku akilamba midomo." Mtoto wa miaka minane ameshasikia hadithi mia. Akiona mtu analamba midomo kwenye sura ya pili, anafunga kesi, anakwenda kucheza mpira.

Hila usiitaje. Onyesha mnyama anavyokula. Huko porini walaji mayai wamejaa, na kila mmoja ana mkono wake. Kenge akikuta kijiyai kidogo kama cha kware hukimeza kizimakizima, kiota kikabaki kitupu. Nguchiro ganda humsumbua. Hulishika yai kwa mikono ya mbele, akalipa jiwe mgongo, akalirusha kinyumenyume katikati ya miguu yake hadi lipasuke. Kwa hiyo utakuta vipande na ute jiweni, hatua kadhaa kutoka kiotani. Halafu kuna nyoka mla-mayai, asiye na sumu wala meno ya maana. Huyu humeza yai zima, hulipasua kooni kwa ncha za mifupa ya uti wa mgongo, hunywa kilichomo, kisha hulitema ganda limebanwa na kukunjika, bado limeshikana kwa utando wake wa ndani.

Umeona ulivyo tajiri? Wanyama watatu, saini tatu. Sasa sura ya pili iandike hivi:

*Kobe aliinamia kiota. Kilikuwa kikavu, hakuna hata tone la ute. Chini ya jani la mbono aliokota kitu chenye madoadoa, kimekunjwa kama karatasi ya peremende. Akakigeuza. Akakirudisha chini.*

*"Hakuna kitu hapa," akasema Nguchiro. "Twende."*

Kesi nzima iko kwenye hiyo karatasi ya peremende, na darasa lako litaipita, kwa sababu Nguchiro ana haraka na wao watamkodolea macho yeye. Mwache ashukiwe sura mbili. Sura ya nne Kobe alione jiwe lake lina vipande, wanafunzi wapige kelele, kisha vionekane ni vya gamba la konokono. Sura ya tano Nyoka aje mwenyewe kwa kujiamini: "Mimi sina hata meno, nitalipasuaje yai?" Afungue kinywa, wote wachungulie, kweli hana. Sura ya sita Kobe aombe peremende. Aile taratibu, kama Kobe afanyavyo kila kitu, aikunje karatasi, aiweke chini karibu na ganda. Asiseme neno. Nakuhakikishia kuna mtoto wa dawati la nyuma atakayesema neno hilo kabla yake, na siku hiyo hatakuwa wa dawati la nyuma.

Sheria yangu katika kazi hii ni moja: kila anachokijua kachero, msomaji awe amekiona kabla hakijatajwa kuwa dalili. Kobe akitoa mfukoni barua ambayo hatukuwahi kuionyeshwa, ametudanganya, na mtoto aliyedanganywa hivyo mara mbili harudi tena. Mengine yote, majina, vichekesho, kofia ya kachero, pamba upendavyo. Na Kenge umwombe radhi.

"Kwa nini kila kitabu Fisi ndiye mwizi? Watoto wanamjibu kabla sijafungua." (Mkutubi, Nakuru)

Kwa sababu hadithi za babu zilishamhukumu, na mwandishi mvivu anaishi kwa hukumu hiyo. Mwandishi mwerevu anaitumia: Fisi awe wa kwanza kushukiwa na kila mtu, halafu asiwe yeye.

Kesi ya kweli ya namna hiyo ipo. Wageni wa Ngorongoro walizoea kuona asubuhi simba wanakula na fisi wamekaa pembeni wakisubiri, wakasema, hao hapo, walaji wa makombo. Mtafiti Hans Kruuk akawafuatilia usiku, miaka ya 1960. Akakuta mara nyingi fisi ndio waliowinda na kuua, simba wakafuata kelele na kuwanyang'anya. Dunia nzima ilikuwa imemkamata mwenye mali na kumsifu mnyang'anyi, kwa sababu ilifika eneo la tukio imechelewa. Hiyo ni sura tano kamili, mkutubi, ukipata wa kuiandika.

Na kama unatafuta dalili ambayo watoto hawataisahau: kinyesi cha fisi kikikauka huwa cheupe kama chaki, kwa sababu ya mifupa anayoisaga. Maktaba yako itapiga kelele siku hiyo. Vumilia.

"Tunaishi Minneapolis. Binti yangu anasoma Kiingereza kama maji, na huko makachero wa wanyama wamejaa maktaba. Cha Kiswahili anasema kigumu. Nimlazimishe?" (Mama, Marekani)

Usimlazimishe, mtege. Mwonyeshe kwamba Kiswahili kinajua kuficha kuliko hicho Kiingereza chake. "Aliingia usiku, akala, akaondoka." Nani? Mwanamume, mwanamke, paka, mjusi? Hakuna ajuaye. Mwandishi wa Kiingereza akifika neno la kwanza tu lazima aamue kama ni wa kiume, wa kike au ni kitu, na kesi imeanza kuvuja. Sisi tumempa mnyama ngeli ileile ya mtu, wote ni a-, wote wamejificha nyuma ya herufi moja.

Ngeli hiyohiyo inayomtesa binti yako inaweza kuwa dalili. Mpe hii jioni: jikoni boga limepotea. Watuhumiwa ni Paka, Panya na Kuku. Mjusi Kafiri, aliyekaa ukutani usiku kucha, anaulizwa alichoona, anajibu, "Lilitoka mlangoni saa nane." Basi. Wote wanagombana kuhusu saa nane. Mwache binti akae na hilo. Paka angekuwa "alitoka", Panya vilevile, Kuku vilevile. Aliyetoka akiwa li- ni nani, kama si boga lenyewe lililobingirika? Nimewajaribu watoto wengi kwa kesi hii, na sijaona somo la upatanisho wa kisarufi lililowahi kumfanya mtoto aruke kitini hivyo.

Vya kununua ni vichache, nisikufiche. Upelelezi wa Kiswahili ni wa siku nyingi, maana kachero Bwana Msa na kiko chake alitoka kitabuni mwaka 1960, kwa kalamu ya Mohamed Said Abdulla wa Zanzibar, lakini huyo ni wa wakubwa, na wajukuu, yaani makachero wa kuwasomea wenye miaka minane, hakutuachia. Hadithi fupi za picha za Kiswahili utazipata bure mtandaoni kwenye African Storybook. Chukua tatu za mnyama mmoja, ziunge, ziite sura ya kwanza, ya pili na ya tatu, na katikati yake mwandike wenyewe kilichopotea.

"Sura iwe na urefu gani?" (wengi)

Iishe kabla umeme haujakatika. Kurasa tatu, nne, herufi kubwa, picha moja. Na picha isimtaje mwizi! Nina kitabu hapa ambacho mchoraji kamweka mwizi jaladani, kapu la mayai mkononi.

"Shikamoo. Nina miaka tisa. Baba anasema wanyama hawawezi kupeleleza kitu, ni hadithi tu za kutunga. Ni kweli?" (Morogoro)

Marahaba, mwanangu. Baba yako ana haki ya kushuku, kachero yeyote angeshuku. Lakini umeniandikia kutoka Morogoro, na hapo ndipo nilipocheka, kwa sababu ushahidi mnao mjini kwenu.

Pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kuna shirika linaloitwa APOPO, ambalo tangu mwaka 2000 limekuwa likifundisha panya buku kunusa. Macho yao ni dhaifu, pua ndiyo kila kitu. Hufundishwa tangu wadogo kutambua harufu ya baruti iliyo ndani ya mabomu yaliyotegwa ardhini wakati wa vita na kusahauliwa. Panya huvalishwa mkanda mdogo, hutembea kwenye mstari wa kamba kwenda na kurudi, na akinusa bomu hukwaruza ardhi juu yake. Hatanguliwi na mtu, na bomu halilipuki, kwa kuwa yeye ni mwepesi mno. Akipatia, anapewa ndizi.

Mmoja wao aliitwa Magawa. Alizaliwa Tanzania, akapelekwa kazini Kambodia, akagundua mabomu ya ardhini na mengine yaliyobaki vitani zaidi ya 100. Eneo kama uwanja wa tenisi alilimaliza kwa nusu saa. Mwaka 2020 shirika la wanyama la Uingereza, PDSA, lilimpa medali ya dhahabu, na hakuna panya aliyewahi kuipata kabla yake. Alistaafu mwaka 2021, akafa Januari 2022. Wenzake wengine hunusa makohozi kutafuta kifua kikuu, sampuli 100 kwa dakika 20 hivi. Mwambie baba hayo, na umwambie taratibu, wakubwa hawapendi kushindwa mezani.

Sasa nami nikutege. Panya buku kamaliza kazi, kapewa kipande cha ndizi, lakini hataki kukila mbele za watu. Ataondoka nacho kimewekwa wapi? Nimeshakitaja mahali humu leo, katika jibu la mtu mwingine, na uliposoma ulipita. Rudi nyuma. Ukishindwa, nataka mji, na Morogoro nitaukubali.